UZI: Mgonjwa yuko wodini, moyo unashindwa ghafla. Kabla ya kuongeza Lasix, tafuta kilichouchokoza

#1 Zamu_ya_Usiku

Wakuu, uzi huu ni wa wanaofanya kazi wodini: madaktari, manesi, wafamasia na wanafunzi wa mwaka wa mwisho. Namzungumzia mgonjwa aliyelazwa kwa jambo jingine kabisa, tuseme nimonia, nyonga iliyovunjika au upasuaji wa tumbo. Anaweza pia kuwa amelazwa kwa moyo wenyewe na alishaanza kupata nafuu. Halafu saa nane usiku anakaa kitandani anahema, hataki kulala chali, oksijeni inashuka, na ukimsikiliza mgongoni mapafu yanakoroma chini pande zote mbili.

Kinachofuata mara nyingi ni furosemidi (ndiyo Lasix, dawa ya kukojoza) miligramu 40 ya mshipa, oksijeni, na maneno "aonwe asubuhi" kwenye faili. Anakojoa, anapata nafuu, na usiku wa pili yanarudi yale yale. Kwa nini yasirudi? Kilichouchokoza moyo hakijaguswa. Mara nyingine kinaning'inia palepale kwenye stendi ya dripu.

Takwimu moja ya kuanzia. Rejista ya Marekani iitwayo OPTIMIZE-HF, katika uchambuzi uliochapishwa 2008 wa wagonjwa zaidi ya 48,000 waliolazwa kwa moyo kushindwa, ilikuta kichochezi kimoja au zaidi kwa asilimia 61. Vilivyoongoza ni nimonia na shida nyingine za upumuaji (asilimia 15), misuli ya moyo kukosa damu (karibu 15), mapigo kuharibika (13.5), presha isiyodhibitiwa (karibu 11), kuacha dawa (karibu 9) na figo kuzorota (karibu 7). Hao walitoka nyumbani. Kwa mgonjwa ambaye tayari yuko mikononi mwetu, mpangilio unabadilika, kwa sababu tunaongeza vya kwetu: maji, damu, dawa tulizompa na dawa tulizomsimamishia.

Mwongozo wa Ulaya wa 2021 unataka vichochezi saba vitafutwe haraka kwa kuwa kila kimoja kina tiba yake: mshipa wa moyo kuziba, presha kupanda mno, mapigo kwenda kombo, hitilafu ya kimitambo ndani ya moyo, bonge la damu mapafuni, maambukizi, na maji yanayoubana moyo. Naanza na maji ya dripu, ambayo hayamo kwenye hiyo saba ila ndiyo ninayoyashuku kwanza kwa mgonjwa wa wodini. Wengine endeleeni.

#2 MfamasiaWaWodi

Mkuu, hapo kwenye maji niachie mimi.

Lita moja ya saline (maji ya chumvi) ya 0.9% ina mmol 154 za sodiamu, sawa na gramu 9 za chumvi. Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima ale chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku. Kwa hiyo lita moja ni chumvi ya karibu siku mbili, na inaingia moja kwa moja kwenye mshipa. Dripu iliyoandikwa "mililita 125 kwa saa" na isisimamishwe na mtu ni lita 3 kwa siku: gramu 27 za chumvi. Ringer lactate ina nafuu kidogo tu, karibu mmol 130 kwa lita.

Mahitaji ya kawaida ya mtu asiyekula ni mililita 25 hadi 30 kwa kilo kwa siku, na sodiamu kama mmol 1 kwa kilo. Mzee, mdhoofu, au mwenye moyo au figo mbovu mpunguzie hadi 20–25. Mama wa kilo 50 mwenye moyo dhaifu anahitaji lita moja na robo hivi kwa siku, na akishaweza kunywa hahitaji dripu kabisa. "Dripu ya kuweka mshipa wazi" haina kazi. Kanula ioshwe na mililita 5 hadi 10 za saline, ifungwe.

Sasa yale yasiyohesabiwa. Metronidazoli ya mshipa ni mililita 100 mara tatu kwa siku. Parasetamoli ya mshipa ni mililita 100 mara nne. Ongeza seftriaksoni iliyochanganywa kwenye mililita 100. Hapo umeshafika mililita 800 kabla hujaandika dripu hata moja, na hakuna anayeyaandika kwenye chati ya maji kwa sababu "hizo ni dawa". Chupa moja ya metronidazoli ina sodiamu ya mmol 13 hivi, maana imetengenezwa ndani ya maji ya chumvi.

Nyingine za kuangalia:

Parasetamoli ya kuyeyuka yenye kutoa povu. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kina sodiamu ya takriban miligramu 400. Vidonge vinane kwa siku vinapita gramu 3 za sodiamu, wakati kikomo cha siku nzima ni gramu 2. Kidonge cha kawaida cha kumeza hakina shida hiyo.

Baikaboneti ya 8.4%: mililita 50 ni mmol 50 za sodiamu.

Unga wa sodiamu polistireni wa kushusha potasiamu: dozi ya gramu 15 ina sodiamu ya gramu 1.5 hivi. Na anayepewa mara nyingi ndiye yule yule mwenye figo na moyo.

Penisilini ya fuwele: uniti milioni 24 kwa siku ni mmol 40 hivi. Si nyingi peke yake. Hesabu pamoja na maji ya kuichanganyia.

#3 Sista_Chati

Asante sana mfamasia. Kwa upande wa uuguzi naongeza hili: chati ya maji bila mizani ni nusu ya kazi. Mgonjwa anayevuja jasho, mwenye homa, anayejisaidia kwenye nepi, hesabu yake haiwezi kukaa sawa. Uzito hausingizii. Kilo moja iliyopanda kwa siku ni takriban lita moja iliyobaki mwilini. Mtu hanenepi kilo mbili kwa siku mbili kwa chakula cha wodini.

Apimwe asubuhi baada ya kukojoa, kabla ya kunywa chai, mizani ile ile, nguo zile zile. Ukibadilisha mizani, andika. Kama hawezi kusimama, tumia mizani ya kiti au ya kitanda. Ikikosekana, mgeuze ubavu ubonyeze sehemu ya juu ya makalio, kwenye mfupa wa kiuno, kwa sekunde tano hadi kumi. Mgonjwa wa kitandani maji yake hukaa hapo, si kwenye vifundo vya miguu, na ndiyo maana faili linaandikwa "hana uvimbe" na kumbe amejaa mgongoni.

Jambo la pili, kasi ya kupumua. Ihesabiwe dakika nzima. Namba ya 18 iliyonakiliwa kila zamu kwa siku tatu ni namba ya kubuni. Moyo unapoanza kuelemewa, pumzi hupanda saa kadhaa kabla oksijeni haijashuka: 18, 22, 24. Sambamba na hilo, msikilize anaposema "jana nililala kwa mito miwili, leo mitatu", au anapoanza kikohozi kikavu kila akilazwa chali. Kwa mzee dalili ya kwanza inaweza kuwa kuchanganyikiwa na kung'oa oksijeni, na akipewa dawa ya usingizi hapo mambo yameharibika.

#4 MwakaWaMwisho

Wakuu, swali. Wagonjwa wengine hawajawahi kuwa na historia ya moyo. Inakuwaje lita tatu zimfanyie mmoja hivyo na mwenzake asihisi chochote?

#5 Zamu_ya_Usiku

Kutokuwa na historia maana yake mara nyingi ni kwamba hakuna aliyewahi kutazama. Presha ya miaka mingi inaufanya ukuta wa moyo kuwa mnene na mgumu. Unasukuma vizuri, hata kipimo cha msukumo (sehemu ya damu inayosukumwa nje kwa kila pigo) kikisoma asilimia 60, ila haulegei kupokea damu. Moyo kama huo ukiongezewa nusu lita, shinikizo ndani yake linapanda sana, na linarudi nyuma hadi mapafuni. Wengine ni vali ya mitrali iliyobana tangu utotoni, au ya aota iliyokauka uzeeni. Ukikuta mzee, mwenye presha, mwenye kisukari au mwenye figo, chukulia kuwa moyo ni mgumu hadi uthibitishiwe vinginevyo.

Halafu kuna suala la wakati. Baada ya upasuaji mkubwa, maji yaliyovujia kwenye nyama huanza kurudi kwenye mishipa siku ya pili hadi ya nne. Dripu ilishaondolewa jana, watu wanashangaa maji yametoka wapi. Ganzi ya mgongo nayo ina mtego wake: inalegeza mishipa ya miguu na tumbo, presha inashuka, lita mbili zinamiminwa kuipandisha. Ganzi ikiisha, mishipa inajibana tena na yale maji yanarudi moyoni kwa mkupuo, wakati mgonjwa yuko wodini na hakuna tena anayemwangalia kila dakika tano. Kwa mzee, dozi ndogo za dawa ya kubana mishipa ni bora kuliko lita ya tatu.

#6 Benki_ya_Damu

Nilikuwa nasubiri mtu ataje damu.

Kujaza mzunguko kwa damu, maarufu kama TACO, hujitokeza ndani ya saa 12 tangu kuongezewa: pumzi inakata, presha inapanda, mapigo yanapanda, mapafu yanakoroma. Mfumo wa Uingereza wa kufuatilia madhara ya damu, SHOT, umekuwa ukiiweka kwa miaka kadhaa miongoni mwa visababishi vikuu vya vifo vitokanavyo na kuongezewa damu. Si kundi la damu lililokosewa, ni kasi na wingi.

Anayepata sana ni yule ambaye damu yake imeshuka polepole kwa miezi. Hb (kipimo cha wingi wa damu) ni 4, watu wanashtuka, chupa tatu zinaagizwa. Huyu hana upungufu wa ujazo. Mwili wake umeshajaza nafasi kwa majimaji na moyo tayari unakimbia. Kinachompungukia ni chembe nyekundu tu. Mpe chupa moja ya chembe zilizokamuliwa, si damu nzima kama kuna uchaguzi, ndani ya saa tatu na nusu hadi nne. Kisha simama: mpime, msikilize mapafu, pima Hb. Chupa moja hupandisha takriban gramu 1 kwa desilita kwa mtu mzima wa wastani. Kwa mwenye kilo 40 inapandisha zaidi, kwa hiyo chupa ya pili huenda isihitajike. Chupa haipaswi kuzidi saa nne tangu itoke kwenye jokofu. Ukitaka kwenda taratibu zaidi ya hapo, tuombeni tuigawe mara mbili, nusu nyingine ibaki kwenye baridi.

Uzito wa chini ya kilo 50, umri wa zaidi ya miaka 70, moyo, figo, albumini ya chini: hao waandikiwe hatari yao kwenye fomu kabla ya chupa kutoka. Na kama hakuna dharura, damu iingie mchana.

#7 MwakaWaMwisho

Furosemidi kabla ya kila chupa je? Na tunaitofautishaje na TRALI, yaani mapafu kudhurika kutokana na damu iliyoongezwa?

#8 Benki_ya_Damu

Kumpa kila mtu furosemidi kwa mazoea hakuna ushahidi wa nguvu. Mwenye hatari, hasa ambaye tayari ana maji mwilini, mpe miligramu 20 hadi 40, na uhakikishe presha inaruhusu. Ila isiwe leseni ya kuharakisha chupa. Kasi ndiyo kinga.

TRALI huja ndani ya saa 6, mara nyingi na homa na presha iliyoshuka, mishipa ya shingo haijajaa, na furosemidi haimsaidii. TACO presha huwa juu, shingo imejaa, na akikojoa anapata nafuu. Ukishindwa kutofautisha, zote mbili zinaanza na jambo moja: funga damu sasa hivi, acha kanula, tuletee chupa.

#9 MfamasiaWaWodi

Narudi kwenye dawa, maana kuna pande mbili: tulizompa na tulizomnyima.

Tulizompa. Namba moja ni diklofenaki, ikifuatiwa na ibuprofeni na ndugu zake. Figo ya mwenye moyo dhaifu inaishi kwa prostaglandini zinazoufungua mshipa unaoingiza damu kwenye chujio. Dawa hizi zinazizuia. Damu ya kuchujwa inapungua, sodiamu inabaki, na furosemidi unayompa inafanya kazi nusunusu. Sindano ya miligramu 75 asubuhi na jioni kwa maumivu ya mgongo inatosha kabisa kumharibia. Akiwa pia kwenye enalapri au losartani pamoja na dawa ya kukojoza, figo zinaweza kusimama ndani ya siku chache. Parasetamoli ya kumeza, na ikizidi morfini kidogo, vinamtosha.

Haidrokotisoni miligramu 100 kila saa sita inashika chumvi waziwazi. Deksamethasoni haishiki chumvi kwa kiasi hicho; kama ugonjwa unaruhusu kuchagua, ichague. Pioglitazoni isimame. Verapamili na diltiazemu zinapunguza nguvu ya moyo, usimpe mwenye kipimo cha msukumo cha asilimia 40 au chini. Klarithromisini iliyoanzishwa kwa nimonia inapandisha digoksini kwenye damu, amiodaroni vilevile. Mwenye figo iliyochoka akila digoksini ile ile ya nyumbani, anaanza kutapika, mapigo yanashuka hadi 40, moyo unashindwa.

Nebulaiza ya salbutamoli kila dakika ishirini kwa mtu anayefoka filimbi kifuani kwa sababu ya maji, si pumu, inampandishia mapigo hadi 140. Mzee wa miaka 70 ambaye hajawahi kuugua pumu haanzi pumu usiku wa tatu wodini.

Tulizomnyima. Hizi hazionekani kwa sababu hakuna sindano ya kuoneshea kidole. Mgonjwa alikuwa anameza furosemidi, kavediloli, enalapri, spironolaktoni. Kalazwa, kaandikiwa antibayotiki na dripu, dawa za nyumbani ziko kwenye begi chini ya kitanda. Au ameambiwa asile kwa ajili ya upasuaji, na upasuaji ukaahirishwa mara mbili. Siku tatu bila dawa ya kukojoza huku saline inaingia, hesabu mwenyewe.

Kizuizi cha beta (kama hiyo kavediloli) kikikatwa ghafla, mapigo na presha vinaruka juu. Kwenye mshtuko au ubaridi wa mwili unaoonesha moyo hausukumi, kisimamishwe. Vinginevyo kiendelee, na ukisita punguza dozi kwa nusu. Enalapri ikisimamishwa kwa sababu ya kreatinini (kipimo cha figo) au potasiamu iliyopita 5.5, sawa, ila andika kwenye chati siku ya kuiangalia tena. "Simamisha" bila tarehe hubaki hivyo mpaka barua ya kuruhusiwa.

Na asiyeweza kumeza apewe furosemidi ya mshipa. Ya kumeza hufyonzwa nusu tu kwa wastani, na utumbo uliovimba unaifanya isiaminike kabisa.

#10 Mchora_ECG

Wakuu nimechelewa, naona mapigo hayajaguswa.

Mapigo yakiruka kutoka 80 hadi 150, kinachokatwa ni muda wa moyo kujaa. Kwa moyo mgumu, ule msukumo wa vyumba vya juu huchangia robo hivi au zaidi ya ujazo, na kwenye fibrilesheni (vyumba hivyo vikitetemeka bila mpangilio) unatoweka wote. Ndiyo maana mgonjwa aliyekuwa anatembea jana anazama leo.

Ukikuta fibrilesheni mpya wodini, jiulize imetoka wapi kabla ya kuipiga dawa: homa, oksijeni, maumivu, kibofu kilichojaa, potasiamu iliyoshushwa na furosemidi, magnesiamu ambayo haikupimwa, kizuizi cha beta kilichoachwa, aminofilini, tezi ya shingo, bonge mapafuni. Potasiamu ipande hadi 4 au zaidi. Magnesiamu ikiwa chini, potasiamu haipandi hata umwage chupa ngapi.

Mtego ninaouona ukipita sana: mapigo 150 yaliyonyooka kabisa, hayapandi wala kushuka hata mgonjwa akilala au akiamka. Mashine inaandika "sinus". Hiyo mara nyingi ni flata ya vyumba vya juu inayopita moja kwa mbili. Tazama vizuri mistari ya II, III, aVF na V1. Mapigo ya kawaida ya homa huchezacheza: 128, 122, 131.

Kwa upande mwingine, mapigo 110 kwa mwenye sepsis (maambukizi yaliyouelemea mwili mzima) ni mwili unajitetea. Ukiyashusha kwa nguvu, presha inaanguka nayo. Mwenye presha inayoporomoka kwa sababu ya mapigo yenyewe ashtuliwe kwa umeme uliosawazishwa. Asiye na dharura hiyo lakini moyo umeshindwa, amiodaroni miligramu 300 ndani ya glukosi 5% kwa saa moja, kwenye mshipa mkubwa kwani inachoma mishipa midogo, au digoksini ukishaangalia figo. Kuanza kizuizi cha beta cha mshipa kwa mtu ambaye mapafu yamejaa maji ni kumsukuma shimoni.

#11 Zamu_ya_Usiku

Mchora_ECG, na ile mistari ya ST, inayoonesha misuli ya moyo kukosa damu?

#12 Mchora_ECG

Nilikuwa naifikia. ECG (kipimo cha umeme wa moyo) ndani ya dakika 10 kwa kila aliyeishiwa pumzi ghafla, hata kama hajalalamikia kifua. Mwenye kisukari, mzee, na aliyetoka upasuaji akiwa na morfini, wengi hawasikii maumivu. Shambulio la moyo baada ya upasuaji hutokea sana ndani ya siku mbili tatu za kwanza, na linajionesha kwa kukosa pumzi, presha kushuka au kuchanganyikiwa.

Linganisha na ECG ya siku aliyolazwa. Kama haikupigwa siku hiyo, hasara yenu. Troponini (kipimo cha damu cha misuli ya moyo kuumia) iliyopanda mara moja haithibitishi, moyo wowote ulioelemewa huipandisha; rudia baada ya saa moja hadi tatu uone kama inapanda au kushuka. Na si kila shambulio ni mshipa kuziba. Hb 6, mapigo 140 na presha 85 vinaunyima misuli oksijeni vyenyewe. Hapo tiba ni kuondoa hivyo, si kumwagia dawa za kuyeyusha damu.

Mgonjwa ambaye tayari alipata shambulio, siku ya pili hadi ya saba anadidimia ghafla: msikilize upya. Mngurumo mpya unaweza kuwa ukuta uliotoboka au kamba za vali ya mitrali zilizokatika. Kwa vali iliyokatika ghafla mngurumo unaweza kuwa hafifu mno au usisikike, kwa hiyo ukimya usikutulize. Ekokadiografia (eko, altrasaundi ya moyo) usiku huo huo, na mpigie daktari wa upasuaji.

#13 Wodi_ya_Wazazi

Nawakumbusha kuhusu kina mama wajawazito na waliojifungua, msidhani ni wazee tu.

Mama mwenye vali ya mitrali iliyobana anaweza kuvuka uchungu vizuri, halafu akazama baada ya mtoto kutoka. Mfuko wa uzazi ukijikunja unarudisha damu ya takriban nusu lita kwenye mzunguko, na mshipa mkubwa uliokuwa umebanwa unafunguka. Saa 24 hadi 72 za kwanza ndizo za hatari, ndizo ambazo sisi tunamhamishia wodi ya kawaida na kuanza kuzungumzia kumruhusu.

Mwenye kifafa cha mimba au dalili zake: mishipa inavuja, presha iko juu, figo zimenywea. Jumla ya maji yote isizidi mililita 80 kwa saa, na magnesiamu salfeti imo ndani ya hesabu hiyo. Akikojoa kidogo, kumwongezea maji ili "figo zifunguke" ndiko kunakojaza mapafu. Ergometrini haimfai mwenye presha au ugonjwa wa moyo. Oksitosini ya dozi kubwa kwenye lita kadhaa za glukosi inazuia mkojo. Salbutamoli ya kutuliza uchungu wa mapema, hasa pamoja na maji mengi na mimba ya mapacha, imewaletea kina mama maji mapafuni.

Na mama anayehema wiki ya tatu baada ya kujifungua, mwenye miguu iliyovimba, asiandikiwe nimonia kabla ya kuangaliwa moyo. Ugonjwa wa misuli ya moyo wa uzazi huja mwishoni mwa mimba hadi miezi kadhaa baada ya kujifungua.

#14 ICU_Kona

Kuna kundi moja ambalo Lasix inaua. Shingo imejaa, presha iko chini, mapafu ni safi. Ukikuta hayo matatu, weka sindano chini kwanza.

Inaweza kuwa bonge la damu mapafuni: amelala siku kadhaa, amefanyiwa nyonga, ana saratani, oksijeni 84 na picha ya kifua nzuri. D-daima (kipimo cha damu cha kutafuta mabonge) kwa mgonjwa aliyelazwa karibu kila mara iko juu, haikusaidii kuamua. Nenda CT, au eko kama hawezi kusafirishwa. Inaweza kuwa maji yanayoubana moyo, kwa mwenye kifua kikuu, saratani, figo zilizofeli au aliyetoka upasuaji wa moyo. Inaweza kuwa shambulio la upande wa kulia: ongeza waya wa V4R kwenye ECG ya shambulio la chini. Wote hawa wanaishi kwa damu inayorudi moyoni. Furosemidi na nitrati (dawa za kulegeza mishipa) zinaikata.

Kuhusu sepsis: ile mililita 30 kwa kilo ndani ya saa tatu, mwongozo wa kimataifa wa 2021 uliishusha kutoka agizo hadi pendekezo dhaifu. Mwenye moyo dhaifu hanyimwi maji, ila anapewa mililita 250, kisha unaangalia pumzi, mapafu, shingo na presha, kisha unaamua ya pili. Jaribio rahisi ni kumwinulia miguu hadi nyuzi 45 kwa dakika moja. Kama msukumo wa damu haubadiliki, maji zaidi hayatamsaidia. Anza noradrenalini (dawa ya kubana mishipa) mapema.

Upande wa pili kabisa ni yule mwenye presha 210/120, jasho, povu mdomoni. Huyu wala hana maji mengi kupita kiasi. Mishipa imejibana na damu imehamia mapafuni. Anaokolewa na nitrati na CPAP (hewa ya shinikizo kupitia barakoa). Gliseri trinitrati ianze mikrogramu 10 hadi 20 kwa dakika, ipandishwe kila dakika chache, presha isishuke zaidi ya robo ndani ya saa za mwanzo. Angalia kama kibofu kimejaa. Mpira wa mkojo uliopinda chini ya paja umewahi kupandisha presha za watu wengi. Akirudia mashambulizi ya aina hii na kipimo cha msukumo ni kizuri, apimwe mishipa ya figo zote mbili.

#15 Lishe_Kliniki

Fupi tu. Mgonjwa aliyekonda sana, mlevi, au aliyekaa siku zaidi ya tano bila kula: ukianza kumlisha kwa nguvu au kumwaga glukosi, fosfati inaporomoka na thiamini inaisha, moyo unalegea. Thiamini itangulie chakula. Anza na kilokalori zisizozidi 10 kwa kilo kwa siku, upande taratibu kwa siku nne hadi saba, ukipima fosfati, potasiamu na magnesiamu kila siku. Madaktari huomba potasiamu, fosfati wanaisahau.

#16 MwakaWaMwisho

Asanteni sana wakuu. Swali la mwisho: kama kipimo cha BNP (cha damu, kinachopanda moyo ukielemewa) hakipo, au picha ya kifua imetoka safi, naweza kuutoa moyo kwenye orodha?

#17 Zamu_ya_Usiku

Hapana. Picha ya kifua inaweza kuwa safi kwa kama mmoja kati ya watano. NT-proBNP (aina ya kipimo hicho cha BNP) chini ya 300 inakupa ujasiri wa kusema si moyo, lakini kwa mtu mnene sana inasoma chini kuliko hali halisi, na mwenye fibrilesheni, figo mbovu au sepsis inapanda hata bila moyo kushindwa. Kama kuna altrasaundi, weka kwenye kifua: mistari B (mistari myeupe inayoshuka wima kwenye picha ya mapafu) mitatu au zaidi kwenye eneo moja, maeneo mawili au zaidi kila upande, hayo ni maji mpaka upate maelezo mengine.

Mpangilio ninaoufuata kitandani ni huu. Mkalishe, funga dripu. Oksijeni kama iko chini ya 90. Presha, mapigo, joto, pumzi iliyohesabiwa, sukari. Gusa mikono na miguu kama ni ya baridi. Tazama shingo, sikiliza moyo na mapafu, bonyeza kibofu. ECG. Halafu, kabla sijaenda kuandika, nachukua chati ya dawa na ya maji za saa 72 zilizopita, nasoma mstari kwa mstari: nini kimeanza, nini kimesimama, ni lita ngapi, damu ngapi, uzito ulikuwaje. Dakika tano. Damu ya maabara: Hb, kreatinini, potasiamu, magnesiamu, troponini, na kalcha kama ana homa.

Furosemidi kwa ambaye hajawahi kuitumia ni miligramu 20 hadi 40 ya mshipa. Anayeimeza nyumbani apewe kwa mshipa dozi ya siku nzima aliyokuwa akimeza, au mara mbili yake. Mwenye 80 ya kumeza ukimpa 20 ya mshipa humsaidii kitu. Dozi kubwa isizidi miligramu 4 kwa dakika, masikio yanaharibika. Kisha usiende kulala: mkojo chini ya mililita 100 kwa saa katika saa sita za kwanza, au sodiamu ya mkojo chini ya mmol 50 kwa lita baada ya saa mbili, dozi haijatosha, iongeze mara mbili.

Na kwenye faili, pale penye utambuzi, usiandike "moyo kushindwa" ukaishia hapo. Andika "umechochewa na" kisha jaza. Ukikosa cha kujaza, andika "kichochezi bado kinatafutwa", ili wa zamu ya asubuhi aendelee kutafuta.

#18 Sista_Chati

Na dripu iliyofungwa iondolewe kwenye stendi kabisa. Ikiachwa pale, kuna atakayeifungua.